Kustaafu Kabla ya Miaka 55: Mwongozo kwa Mtaalamu Aliyeajiriwa Tanzania

Mhasibu, mhandisi, daktari au mwanasheria aliyefanya kazi kwa miaka 20 au zaidi hufika mahali akaanza kujiuliza kama ni lazima angoje mpaka atimize miaka 60 ndipo aache ajira. Swali hilo ni halali kabisa, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Likijibiwa kwa uchovu, mtu huandika barua ya kuacha kazi leo, na baada ya miezi michache hugundua kwamba alichohitaji kilikuwa likizo ndefu au mwajiri mwingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtaalamu aliyeajiriwa Tanzania, katika utumishi wa umma au katika sekta binafsi, aliye kati ya miaka 40 na 51, na ambaye bado ana angalau miaka mitatu ya kujiandaa. Jambo kuu ninalotaka ulishike ni kwamba kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza kuna miaka ya pengo, na miaka hiyo hakuna atakayekulipia isipokuwa wewe mwenyewe. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa chini yanazunguka pengo hilo.

Hatua ya kwanza: Fahamu sheria inavyokutambua

Kwa wafanyakazi walio wengi nchini Tanzania, kustaafu kwa hiari huanza mtu anapotimiza miaka 55, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Tangu Agosti 2018, mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, utaratibu wa jumla ni kwamba watumishi wa umma huchangia PSSSF na wafanyakazi wa sekta binafsi huchangia NSSF. Katika mifuko yote miwili mchango ni asilimia 20 ya mshahara: PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15, na NSSF kwa kawaida kila upande hutoa 10. Ili mwanachama alipwe pensheni ya kila mwezi ni lazima awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na awe amefikisha umri.

Kwa hiyo mtu anayeondoka kazini akiwa na miaka 47, hata kama wenzake wamemfanyia sherehe ya kumuaga na kumwita mstaafu, mbele ya sheria hajastaafu, ameacha kazi. Hatalipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, wala pensheni mpaka atimize miaka 55. Fao la kujitoa, ambalo zamani liliwaruhusu wanachama kuchukua michango yao walipoacha kazi, liliondolewa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, na mahali pake pakawekwa fao la kukosa ajira. Fao hilo ni theluthi moja ya mshahara, hulipwa kwa muda usiozidi miezi 6, na halimhusu mtu aliyejiuzulu kwa hiari yake. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wataalamu, wengine wenye shahada za fedha, ambao mpango wao wote wa kuondoka mapema umejengwa juu ya fedha ambazo sheria haitawapa kwa wakati wanaoutaka.

Ikiwa umechangia miezi 150 au 165 na unafikiria kuondoka sasa, ushauri wangu ni kwamba ubaki mpaka uivuke miezi 180. Kama huwezi kabisa kubaki, fika NSSF uulize utaratibu wa kuendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri na namna vipindi vyako vya uchangiaji vitakavyojumlishwa, kisha uombe jibu la maandishi. Aliyefikia umri bila kutimiza miezi hiyo hulipwa fedha za mara moja tu, na mtu anayetarajia kuishi miaka 25 au 30 baada ya hapo anahitaji kipato cha kila mwezi kuliko anavyohitaji furushi la fedha.

Hatua ya pili: Safisha kumbukumbu zako ukiwa bado ofisini

Omba taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wako na uikague mwezi kwa mwezi ukiilinganisha na hati zako za mshahara. Waajiri wengine huchelewesha michango, wengine huikata kwenye mshahara na wasiipeleke, na mwanachama asipofuatilia hugundua miezi iliyokosekana siku anayokwenda kudai. Ukiwa bado mfanyakazi una nguvu ya kumdai ofisa rasilimali watu. Ukiondoka, na huyo ofisa akihama, utabaki na bahasha ya nakala na majibu ya njoo wiki ijayo.

Kagua pia majina na tarehe ya kuzaliwa. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira na kumbukumbu za mfuko linaweza kuchelewesha malipo kwa muda mrefu, na marekebisho yake yanahitaji kiapo na safari za ofisi kadhaa. Weka kwenye jalada moja barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara na barua za uhamisho. Kama umewahi kufanya kazi kwa waajiri wawili au watatu, tafuta uthibitisho wa kila kipindi, kwa kuwa miaka iliyosahaulika ya ajira ya kwanza ndiyo mara nyingi humvusha mtu kwenye kiwango cha miezi 180.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya pengo, kisha hesabu ya uzee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua matumizi halisi ya familia kwa mwaka mzima, yaani chakula, umeme, maji, ada, mafuta ya gari, matibabu, michango ya harusi na misiba, fedha za wazazi kijijini, na mambo yanayokuja mara moja kwa mwaka kama bima ya gari na safari ya sikukuu. Watu wengi hukadiria matumizi ya mwezi wa kawaida na kuzidisha kwa 12, jambo linaloacha nje sehemu kubwa ya fedha zinazotoka, kwa kuwa karibu kila mwezi una dharura yake.

Baada ya hapo kokotoa pensheni yako. Kikokotoo kinachotumika tangu Julai 2022, baada ya kile cha mwaka 2018 kulalamikiwa sana na kusitishwa na Rais Magufuli mwezi Desemba mwaka huohuo, kinafanya kazi hivi: chukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha gawanya kwa 580. Unachopata ni pensheni kamili ya mwaka. Kanuni hiyo iliweka asilimia 33 ya kiasi hicho kuwa mkupuo, ikizidishwa kwa 12.5, na asilimia 67 inayobaki hugawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuipandisha asilimia ya mkupuo, hadi 40 kwa baadhi ya wanachama. Kumbuka tu kwamba mkupuo ukiongezeka, pensheni ya mwezi hupungua, kwa sababu vyote vinatoka kwenye chungu kimoja.

Tuchukue mfano wa mhandisi mwenye miaka 47, ambaye mshahara wake unaokatwa mchango ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, na ambaye amechangia kwa miezi 264. Mshahara wake wa mwaka ni milioni 24. Ukizidishwa kwa 264 na kugawanywa kwa 580, pensheni kamili ya mwaka inakuwa takriban 10,924,000. Kwa mgawanyo wa 33 na 67, mkupuo wake ni kama shilingi milioni 45, na pensheni ya mwezi ni kama 610,000. Akiacha kazi leo, namba hizi zitamngoja kwa miaka minane zikiwa zimejengwa juu ya mshahara wa leo. Benki Kuu ya Tanzania hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 5. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, kitu cha shilingi 1,000,000 leo kitakuwa karibu 1,370,000 baada ya miaka minane, na pensheni ya 610,000 itanunua kile ambacho 446,000 zinanunua sasa.

Tuseme familia ya mhandisi huyu hutumia 1,500,000 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Akiba yake ikizaa faida inayolingana tu na mfumuko wa bei, anahitaji milioni 18 mara nane, yaani milioni 144, ili kuvuka miaka ya pengo bila kumwomba mtu. Akiiweka kwenye akaunti isiyozaa chochote, atahitaji kama milioni 166. Fedha hizo zote zitakuwa zimekwisha siku anayotimiza miaka 55. Kuanzia hapo matumizi yake, kwa bei za wakati huo, yatakuwa kama 2,050,000 kwa mwezi dhidi ya pensheni ya 610,000. Hata akiweka mkupuo wote wa milioni 45 mahali panapompa asilimia 12 kwa mwaka, ataongeza 450,000 kwa mwezi, na jumla itakuwa kama nusu ya mahitaji yake.

Sikuweka mfano huu ili kumkatisha mtu tamaa. Nimeuweka kwa sababu unaonyesha kwamba kuna hesabu mbili, ya pengo na ya uzee, na kwamba aliyeimaliza ya kwanza bado hajaigusa ya pili. Mhandisi huyu ana njia kadhaa. Anaweza kubaki kazini miaka miwili zaidi: pengo litapungua kutoka milioni 144 hadi 108, miezi ya michango itafika 288, na pensheni itapanda hadi kama 665,000 hata bila nyongeza ya mshahara. Anaweza kupunguza matumizi, hasa kama ada za watoto zinakaribia kwisha au kama yuko tayari kuhama Dar es Salaam na kwenda kuishi Morogoro, Iringa au Tanga. Anaweza pia kuacha ajira ya kila siku na kubaki na kazi ya ushauri inayomwingizia nusu ya matumizi yake, na kwa wataalamu walio wengi naiona hii kuwa njia yenye uhalisia zaidi, kwa kuwa inaifanya akiba ya pengo idumu karibu mara mbili.

Mtandaoni utaikuta kanuni ya kutoa asilimia 4 ya akiba kila mwaka, ambayo mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen aliitoa mwaka 1994. Ilitokana na historia ya hisa na hatifungani (hati za kukopesha Serikali au kampuni kwa riba) za Marekani na kipindi cha miaka 30. Usiihamishie hapa kama ilivyo. Mtaji wako hauko kwenye soko lile, na mfumuko wetu wa bei na majukumu yetu ya kifamilia ni mengine.

Hatua ya nne: Maliza madeni na nyumba kabla ya kuondoka

Mkopo wa mshahara ulibuniwa kwa mtu mwenye mshahara. Ukiacha kazi ukiwa na deni, benki ina haki ya kulidai, na mara nyingi mkataba unaipa nafasi ya kuzishika stahiki zako za mwisho. Lipa mikopo yote, pamoja na ya SACCOS, na usikubali dhamana mpya kwa mtu yeyote katika miaka miwili ya mwisho ya kazi. Hii ni pamoja na ndugu, na ni vigumu, lakini mdhamini asiye na mshahara huuza alichojenga kulipa deni la mwingine.

Nyumba ya kuishi iwe imekwisha na ina hati. Nyumba iliyofikia lenta ni shimo la fedha kwa mtu asiye na kipato cha uhakika, maana kila senti ya akiba ya pengo itakuwa ikiitwa na bati, vigae na nyaya za umeme.

Hatua ya tano: Amua fedha zitakaa wapi

Zigawe fedha kulingana na wakati utakaozihitaji. Matumizi ya mwaka mmoja yawe mahali unapoweza kuyachukua ndani ya siku chache, kama akaunti ya akiba au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Akaunti ya muda maalumu benki inafaa pia kwa sehemu ya fedha hizo, ukikumbuka kwamba riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Fedha za miaka inayofuata zinaweza kwenda kwenye hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kwa mnada kwa vipindi vya kuanzia miaka 2 hadi 25. Kiwango cha chini cha kushiriki ni shilingi 1,000,000, riba hulipwa kila baada ya miezi 6, na riba ya hatifungani za muda mrefu haijakuwa ikikatwa kodi. Hununui moja kwa moja. Unapitia benki ya biashara au dalali aliyesajiliwa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambaye atakufungulia akaunti ya dhamana. Panga manunuzi ili riba za hatifungani mbalimbali zidondoke katika miezi tofauti, hivyo upate kitu karibu kila mwezi au kila robo mwaka.

Tahadhari mbili kuhusu hatifungani. Ya kwanza ni kwamba viwango hubadilika: hatifungani ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ilitoa riba ya asilimia 15.95, na mwaka uliofuata kiwango cha matoleo mapya kikashushwa hadi 12.56. Aliyekwisha kununua alibaki na kiwango chake, lakini aliyekuwa amepanga kununua baadaye alilazimika kupiga hesabu upya. Mpango wako usimame kwenye kiwango cha chini, na chochote kitakachozidi kiwe nyongeza. Ya pili ni kwamba ukilazimika kuuza kabla ya muda kuiva, bei ya soko inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, na ndiyo maana fedha za mwaka huu na mwaka ujao hazipaswi kuwa kwenye hatifungani ya miaka 20.

Mtu asiyetaka kushughulika na minada anaweza kutumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS ina Mfuko wa Jikimu na Mfuko wa Hatifungani, ambayo ina mipango ya gawio la vipindi kwa wanaohitaji kipato. Fedha za uzee wa mbali, ambazo hutazigusa kwa miaka 10 au zaidi, zinaweza kuwa na sehemu ya hisa, kwa sababu riba ya hatifungani haikui hata bei zikipanda mara mbili, na kwa mfumuko wa asilimia 4 bei hupanda mara mbili katika miaka 18 hivi.

Nyumba za kupangisha wengi wetu tunazipenda kuliko kitu kingine, nami sizikatai. Ila hesabu kodi ya pango kwa miezi 10 au 11 kwa mwaka, toa matengenezo, toa kodi za Serikali, kisha linganisha na riba ya hatifungani kwa mtaji uleule. Katika miji mingi utaona kwamba pango lilionekana nono kwa sababu hatukuwahi kuiandika gharama ya ujenzi kwa ukamilifu.

Na usimpe fedha mtu anayekuahidi faida kubwa ya haraka. Mpango wa DECI, ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009, uliwavuta watu wa kila kiwango cha elimu, na mipango ya namna hiyo hurudi kila baada ya miaka michache kwa majina mapya, safari hii ya kuku, ile ya fedha za kidijitali. Mtu aliyetoka kupokea fedha nyingi ndiye anayetafutwa. Kwa miezi 6 ya kwanza baada ya kupokea stahiki zozote, usiingie kwenye jambo ambalo hukuwa umelipanga ukiwa kazini.

Hatua ya sita: Bima ya afya

Mtumishi aliyestaafu kwa mujibu wa sheria hunufaika na utaratibu wa NHIF unaomhudumia yeye na mwenza wake. Aliyeacha kazi akiwa na miaka 47 hayumo, na kadi ya mwajiri hukoma pamoja na ajira. Kwa hiyo gharama ya bima ya familia nzima iingie kwenye bajeti ya pengo tangu mwanzo. Uliza mapema vifurushi vya hiari vya NHIF na vya kampuni binafsi, na uliza hasa maswali haya: umri wa mwisho wa kupokea mwanachama mpya, muda wa kungoja kabla ya kuhudumiwa, na magonjwa ambayo hayagharamiwi kama yalikuwepo kabla ya kujiunga. Jiunge kabla kadi ya zamani haijakoma, ili kusiwe na hata mwezi mmoja bila kinga. Na mwaka wa mwisho wa ajira, wewe na mwenza wako fanyeni uchunguzi wote, wa shinikizo la damu, sukari, macho, meno, tezi dume na matiti, mkiwa bado mnalipiwa.

Hatua ya saba: Jaribu maisha mapya kabla ya kuyahamia

Kama unatarajia kipato cha ushauri, mpate mteja wa kwanza ukiwa kazini, ikiwa mkataba wako unaruhusu na hakuna mgongano wa maslahi. Usiiache leseni ya taaluma ikafa. Usajili wa ERB kwa mhandisi, wa NBAA kwa mhasibu, wa Baraza la Madaktari kwa daktari na cheti cha uwakili kwa mwanasheria ndivyo vinavyotofautisha mshauri na mtu mwenye uzoefu tu, na kuvirudisha baada ya kuvipoteza ni kazi ndefu kuliko kuvihuisha kila mwaka. Fungua TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara na usajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mapema, kwa kuwa taasisi nyingi haziwezi kukulipa bila nyaraka hizo.

Kuhusu kilimo nitasema kwa kirefu kidogo, kwani ndicho kinachotajwa na karibu kila anayetaka kuondoka. Parachichi za Njombe, miti ya Mufindi na korosho za Mtwara ni mazao ya kweli na yamewatajirisha watu, lakini parachichi huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu au minne, na miti ya mbao huhitaji zaidi ya miaka 10. Mazao haya hayawezi kulipia miaka ya kwanza ya pengo. Yapande ukiwa na mshahara, miaka mitano kabla ya kuondoka, ili yaanze kutoa wakati mshahara unapokoma. Tena ulime kwa kufika shambani. Kilimo cha simu, ambapo mwenye shamba yuko mjini akituma fedha na kupokea picha, humfundisha mtu gharama bila kumfundisha kazi. Mabanda ya kuku yaanze na vifaranga wachache, upite nao msimu mmoja wa magonjwa na mmoja wa bei mbaya ya chakula cha mifugo, ndipo uamue kama unataka kuongeza.

Kuna jaribio jingine ninalolipendekeza kwa kila mtu. Kwa mwaka mmoja kabla ya kuondoka, familia iishi kwa bajeti ya pengo na mshahara unaobaki uingie moja kwa moja kwenye akiba. Ikishindikana huku mshahara upo, haitawezekana ukiwa haupo.

Hatua ya nane: Kaa na mwenza wako, kisha na ukoo

Mwenza aone namba zote, madeni yakiwemo, na awe na nafasi ya kusema hapana. Kama naye ameajiriwa, mara nyingi ni busara mmoja atangulie na mwingine abaki kazini kwa miaka michache, jambo linalotatua pia suala la bima. Watoto walio sekondari na chuo waelezwe nini kitabadilika kwenye ada na matumizi yao.

Kwa ukoo, habari za kuacha kazi zikitoka bila maelezo hueleweka kwamba umepokea mamilioni. Waambie wazee na ndugu wa karibu mapema, kwa heshima na kwa uwazi, kwamba mafao hayalipwi mpaka miaka 55, na taja kiasi utakachoweza kuendelea kutoa kwa wazazi na kwa yule mtoto wa ndugu unayemsomesha. Ahadi ndogo inayotimizwa kila mwezi hulinda undugu kuliko ahadi kubwa inayokatika mwaka wa pili.

Hatua ya tisa: Ondoka kwa utaratibu

Katika sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ingawa mikataba ya wataalamu mara nyingi hudai zaidi. Una haki ya kulipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyolimbikiza, na kupewa cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, kinamhusu aliyeachishwa kazi na mwajiri. Usikiweke kwenye hesabu kama unajiuzulu mwenyewe, ila kama mwajiri ana mpango wa kupunguza wafanyakazi, ni halali kuulizia masharti yake kabla hujaandika barua. Mtumishi wa umma afuate Kanuni za Kudumu na amwone ofisa utumishi wake kabla ya kuandika chochote.

Kabidhi kazi kwa maandishi, na mpokeaji atie saini. Lipa masurufu ambayo hujayarejesha. Waage watu wa kila ngazi, dereva na mhudumu wakiwemo, kwa sababu kazi nyingi za ushauri huja kupitia kwa watu waliokukumbuka kwa wema.

Hatua ya kumi: Mwaka wa kwanza na kuendelea

Jilipe kiasi kilekile kila mwezi, tarehe ileile, kutoka akaunti ya akiba kwenda akaunti ya matumizi, na usiiguse ya kwanza kwa jambo jingine. Weka ratiba ya wiki yenye kazi na yenye watu, kwa maana aliyezoea kuitwa mkurugenzi na kupigiwa simu kutwa nzima anaweza kusononeka simu zikinyamaza, na majonzi hayo yasipotambuliwa huishia kwenye matumizi ya hovyo au maradhi. Kila mwaka linganisha matumizi halisi na mpango. Ukiona umezidisha kwa miaka miwili mfululizo, rudi kutafuta kazi ukiwa bado na miaka 49 au 50, wakati soko bado linakujua.

Andika wosia. RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, husaidia kuuandaa na kuuhifadhi, na uwe na orodha ya hatifungani, vipande vya UTT, hisa na viwanja, kwa sababu mali ya mtu aliyejiendesha mwenyewe imetawanyika kuliko ya mtu wa mshahara. Hakikisha pia kwamba wategemezi walioandikwa kwenye mfuko wako ndio walio hai na ndio unaowataka.

Ukikaribia miaka 55, miezi 6 kabla, nenda kwenye mfuko ukiwa na jalada lako, hakiki miezi yako ya uchangiaji kwa mara ya mwisho, jaza fomu za madai na uthibitishe namba ya akaunti ya benki. Pensheni ikianza kulipwa, ipangie matumizi ya msingi ya kila mwezi na mkupuo uuelekeze kwenye uwekezaji uliokwisha kuuzoea miaka ya pengo. Baada ya hapo shiriki uhakiki wa wastaafu kila unapotangazwa, kwani asiyehakikiwa husitishiwa malipo mpaka ajitokeze.